Duara Dogo kwenye Daftari

"Ameangukia pale," Mzee akasema, kidole kimenyooka, macho hayapepesi. "Usinitazame mimi. Litazame lile tete lililovunjika shingo, uliendee moja kwa moja."

Nikaenda. Hatua thelathini na nne, tope likinifika magotini na kuning'ang'ania kila nilipoinua mguu. Yeye alibaki palepale alipofyatulia, maana mpigaji akisogea hata kidogo, mstari wa jicho lake unapotea na hatajua tena ndege aliangukia wapi. Nilipolifikia tete akavua kofia, akaitundika kwenye kijiti mahali aliposimama, ndipo akanifuata.

Tulitafuta kwa saa moja na nusu.

Sululu wa kinamasi akilala chini, hata ukikanyaga kando yake humwoni. Mgongo wake una michirizi ya kahawia na nyeusi na njano iliyofifia, sawasawa na ndago zilizokauka zikalaliana. Tulipekua shina kwa shina. Tulikuta unyoya mmoja wa mkia unaelea majini, na tone la damu dogo kama kichwa cha pini kwenye jani la ndago. Lilikuwa upande wa chini wa jani, kwa hiyo alipita pale kwa miguu, akijipenyeza. Baada ya hapo hatukuona kitu tena.

Jua likapanda. Mzee akarudi kwenye kofia yake, akatoa daftari mfukoni na kalamu ya risasi fupi kama kidole gumba, akachora. Nilichungulia begani kwake. Lilikuwa duara dogo, halizidi punje ya mtama.

"Ndiyo alama ya kukosa?"

"Kukosa ni mstari, mwanangu. Huyu nimemuua."

Sasa ni wiki ya sita, na duara lile bado liko nami.

## Ndege asiye na nyuma

Ukitaja sululu, wengi huona kwanza kile chombo cha kuchimbia, na jina hilo linawakaa ndege wa aina mbili. Tunawaita hivyo wale wakubwa wa ufukweni wenye midomo iliyopinda, na tunamwita hivyo huyu mdogo wa kinamasi, ambaye mdomo wake umenyooka kama sindano ya kushonea magunia. Ana uzito wa gramu mia moja hivi. Mdomo peke yake una sentimita kama saba, robo ya urefu wake wote. Ncha yake imejaa neva, na inaweza kufunguka chini kabisa ya tope huku sehemu ya juu ikiwa imefumba, kwa hiyo windo dogo hulimeza bila hata kuuchomoa mdomo.

Macho yake yamekaa nyuma sana kichwani. Anapekua tope na wakati huohuo anakuona unayemjia kutoka mgongoni. Siku ya kwanza niliyofuatana na Mzee nilijaribu kumnyemelea mmoja kwa nyuma. Mzee akanigusa bega, akasema kwa upole, "Huyo hana nyuma."

Halafu kuna kuruka kwake. Hutulia mpaka umkaribie kabisa, kisha hufyatuka kwa sauti ya kukwaruza, kama kitambaa kinachochanwa, akiyumba kushoto, kulia, kushoto, kabla hajapanda na kunyoosha njia. Ukipiga anapoyumba, unapiga hewa. Waingereza waliokuwa India katika miaka ya 1770 waliandika nyumbani kuhusu kwenda kumwinda ndege huyu, ambaye kwao huitwa snipe, na kutokana na jina hilo likazaliwa neno sniper, jina la mdunguaji wa vitani. Linanihuzunisha kila nikilikumbuka. Ndege wa gramu mia moja, anayekula nyungunyungu na viluwiluwi wa wadudu, ndiye aliyebebeshwa jina la mtu anayemvizia mwenzake kwa mbali na kumuua.

Na ule unyoya wa mkia tuliouokota majini. Msimu wa kujamiiana ukifika, dume hupanda juu sana, kisha hujitupa chini ametandaza manyoya ya pembeni ya mkia, na upepo ukipita hapo manyoya hutetema kwa mlio unaofanana na wa mbuzi anayelia mbali. Wafini humwita taivaanvuohi, mbuzi wa mbinguni. Koo halihusiki. Unyoya ndio unaolia.

Niliuchukua. Uko mezani mbele yangu ninapoandika.

## Mstari, msalaba, duara

Wiki iliyofuata nilimwomba Mzee anionyeshe daftari lote. Hakusita. Alinipa, akaenda zake kusafisha bunduki, akaniacha nalo kibarazani.

Mstari ni risasi iliyokosa. Msalaba ni ndege aliyeingia mfukoni. Duara ni ndege aliyeanguka asionekane. Na kuna alama ya nne ambayo sikuwa nimeiona kinamasini: nusu duara, kama mwezi mchanga. Hiyo ni ya ndege aliyedondosha manyoya akaendelea kuruka.

"Huyo sijui," alinieleza baadaye. "Pengine alipona. Pengine alikwenda kufia mbali. Siwezi kumwandika mzima na siwezi kumwandika maiti."

Kikomo chake ni ndege watatu kwa siku. Leseni inamruhusu zaidi, lakini watatu ndio aliojiwekea tangu ujana. Na katika hao watatu, duara linahesabiwa sawa na msalaba. Ndiyo maana siku ile, akiwa na misalaba miwili tu, alitoa risasi bundukini mara baada ya kuchora, tukaondoka, ingawa sululu wengine watatu waliruka mbele yetu njiani tukirudi, karibu mno, na mmoja wao akiwa amenyooka kama mshale.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nikiisikia methali hiyo kama onyo kwa wenye maduka. Sikuwahi kufikiri kwamba ndege aliyepotea kwenye matete naye ni mali inayoweza kupotea bila habari.

Mzee hajumlishi kurasa zake. Nilijumlisha mimi, nikirudia mara mbili. Misimu 22. Misalaba 604, maduara 71, nusu duara 38.

Kisha nikaona jambo ambalo ningependa nisingeliona. Katika misimu 20 ya kwanza mna maduara 52 tu. Yaliyobaki, 19, yamo katika misimu miwili ya mwisho, dhidi ya misalaba 31. Karibu ndege wawili katika kila watano walianguka na hawakuokotwa.

Mbwa wake alikufa misimu miwili iliyopita.

Aliporudi nilimwambia nilichokiona. Alikaa kimya akipangusa mikono kwa kitambaa chenye mafuta, kidole kimoja kimoja. "Kupiga juu ya matete bila mbwa," akasema, "ni kumpiga ndege ukijua hutamwona tena. Nilijua. Kila mara nilijiambia huyu ataangukia mahali pa wazi."

## 69,087

Katika uwindaji wa sululu kuna hesabu moja maarufu kuliko zote. James J. Pringle aliwinda kwenye vinamasi vya Louisiana, Marekani, tangu 1867 hadi 1887, akaweka kumbukumbu za kila msimu na baadaye akazichapisha. Miaka ishirini, sululu 69,087. Siku yake kubwa ilikuwa tarehe 11 Desemba 1877: sululu 366. Hata angewinda saa kumi mfululizo bila kupumzika, huyo ni ndege mmoja katika kila muda usiotimia dakika mbili.

Naye alikuwa mtu wa daftari. Hilo ndilo lililonisumbua. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kuhesabu kunamzuia mtu, na huyu alihesabu kuliko wote.

Sababu aliyoitoa yeye mwenyewe ndiyo iliyonikamata. Alisema hakuwahurumia kwa kuwa ni ndege wa kuhama, wanakaa nchini muda mfupi tu, na ukimkosa leo huenda usimwone tena. Yaani kupita kwao ndiko kulikompa ruhusa. Hawakuwa wa pale, kwa hiyo walikuwa wa atakayewahi.

Lakini kwa ndege anayehama, kila mahali ni njiani. Yupo sululu mkubwa anayezaliana Skandinavia, Ulaya ya mashariki na Urusi, na kukaa Afrika kusini mwa Sahara katika miezi ya baridi ya kwao. Watafiti waliowafunga baadhi yao vifaa vidogo nchini Uswidi walitoa matokeo mwaka 2011: walifika Afrika ya kati kwa mruko mmoja bila kutua, wengine zaidi ya kilomita 6,000, kwa mwendo uliofikia karibu kilomita 97 kwa saa. Walipita juu ya mashamba yenye chakula wasishuke. Ndege huyo anapotua hatimaye, mwili wake umekwisha, mafuta yote aliyoanza nayo safari ameyachoma. Anayemkuta kwenye tope asubuhi hiyo anaweza kusema yaleyale ya Pringle: huyu mpita njia tu. Na alikotoka, kule alikotagia, wangeweza kusema hivyohivyo wakati wa kuagana naye.

Marekani ilikuja kulielewa hilo kwa hasara. Mwaka 1916 mkataba wa kulinda ndege wanaohama ulitiwa saini na Uingereza kwa niaba ya Kanada, ukafuatwa na sheria ya mwaka 1918. Mwaka 1941 uwindaji wa sululu ulifungwa kabisa, ukafunguliwa tena mwaka 1953. Leo kikomo cha huko ni sululu wanane kwa siku kwa mtu mmoja. Ukiweka wanane kando ya 366, unaona umbali ambao fikra za watu zimetembea.

Daftari la Pringle lilikuwa la walioingia mfukoni. Nilipolisoma jedwali lake nilijikuta nikitafuta safu ya pili. Kwa siku yenye ndege 366, matete yalibaki na wangapi?

## Ndege anayewaita wenzake

Katika jumba la British Museum, London, kuna kipande cha ukuta uliopakwa rangi, kutoka kaburi la Nebamun, mwandishi na mtunza hesabu za nafaka wa Misri ya kale. Ni cha mwaka 1350 KK hivi. Nebamun amesimama kwenye mtumbwi mwembamba katikati ya mafunjo. Mkono mmoja ameuinua na fimbo ya kurusha. Mkono wa pili ameshika kwa miguu ndege hai wenye shingo ndefu, mabawa yametandazwa. Hao si mawindo ya siku ile. Hao ni wa kuwatuliza wenzao wanaoruka, waamini kwamba pale pana usalama.

Mbinu hiyo imevumbuliwa kila palipokuwa na kinamasi. Katika pango la Lovelock huko Nevada, Marekani, mwaka 1924 walichimbua bata bandia waliosukwa kwa matete kiasi cha miaka 2,000 iliyopita, wengine wakiwa wamevishwa manyoya halisi. Nimeziangalia picha zake mara nyingi. Aliyewasuka aliwajua bata: kifua kimekaa majini kama kinavyokaa cha bata aliyeshiba.

Na zaidi ya miaka 3,300 baada ya Nebamun, tangu mwaka 2009, zilianza kutoka ripoti na picha za mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya. Kuna korongo hai aliyefungwa, amesimama majini. Kwa mbali ni Nebamun yuleyule. Lakini kando ya korongo hamna fimbo wala mwindaji aliyejificha. Kuna konokono. Ndani ya gamba la kila konokono mmetiwa kabofurani, dawa ya kuulia wadudu shambani, na konokono ndiye chakula anachokipenda korongo mdomo wazi kuliko vyote. Wanaoruka juu humwona mwenzao, hushuka, hula. Bata na njiwa huwekewa nafaka iliyochanganywa na sumu hiyohiyo. Kisha ndege huokotwa, huchunwa, huuzwa, wakaliwa.

Kabofurani huzuia kimeng'enya kinachotuliza neva, na punje yake moja inatosha kumuua ndege mdogo. Aliyekula kidogo huruka, akaenda kufia asikoonekana, na anayemla naye hubeba sehemu yake. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Mwaka 2017 kabofurani iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam, unaodhibiti kemikali hatari kuvuka mipaka.

Kwa siku kadhaa niliitumia Bunyala kumsafisha Mzee. Nilijiambia kuna uwindaji wa ustadi na kuna uuaji wa sumu, na mstari kati yao ni ujuzi: aliyemsuka bata wa Lovelock, aliyejifunza kusubiri sululu anyooke, hao walilipa kwa kumjua ndege. Bado naamini kuna ukweli hapo. Sumu haimdai mtu kujua chochote, na ndiyo maana haina mahali pa kuishia.

Lakini sikuweza kuishi na hitimisho hilo. Mtu wa zama za fimbo hakuwa mwema kuliko wa leo. Fimbo ndiyo iliyokuwa dhaifu. Angepewa bunduki ya Pringle, sioni sababu ya kuamini kwamba angeishia ndege watatu. Kwa maelfu ya miaka ugumu wa kazi yenyewe ndio uliowalinda ndege, na ugumu huo ukapungua hatua kwa hatua, kila mara mikononi mwa watu waliofurahi kuona kazi imekuwa nyepesi.

Na wale wa Bunyala wanauza nyama ili wale. Mzee anaweza kurudi nyumbani na ndege wawili na akalala ameshiba.

## Kilichokuwa ndani ya firigisi

Mzee ana kopo dogo la bati analolihifadhi kwenye sanduku la bunduki. Siku ile ya daftari alilifungua akanimiminia kiganjani vitu vitatu. Vilikuwa marisau, zile punje ndogo za ndani ya ganda la bunduki, ya metali ya risasi, yaliyochakaa hadi kuwa bapa, laini, yaking'aa pembeni kama sarafu iliyopita mikono mingi.

"Nimeyatoa kwenye firigisi ya bata," akasema. "Firigisi haikuwa na tundu."

Nilichukua muda kuelewa. Bata hakupigwa na yale marisau. Aliyameza. Bata huokota changarawe chini ya maji ili firigisi isagie chakula, na marisau yaliyoanguka majini, yangu au yako, yanafanana na changarawe. Ganda moja la risasi hubeba marisau zaidi ya mia mbili. Yanayomfikia ndege ni machache, mengine yote huzama. Firigisi huyasaga pamoja na mbegu, tindikali huyayeyusha, risasi huingia kwenye damu. Misuli ya kusukuma chakula hulegea, mabawa huning'inia, na bata hufa kwa njaa huku chakula kikiwa kimejaa kooni.

Misimu yake ya mwanzo yote, Mzee alitumia marisau ya risasi. Alipoyaona yale matatu alihamia marisau ya chuma. Wengine waliamua kabla yake au baada yake: Marekani iliyapiga marufuku marisau ya risasi katika uwindaji wa bata mwaka 1991, Denmaki iliyapiga marufuku yote mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya uliyazuia kwenye maeneo oevu na mita 100 kandokando yake kuanzia tarehe 15 Februari 2023.

Nilimwuliza misimu ile ya risasi ana alama gani daftarini.

Akalichukua kopo, akayarudisha ndani moja moja, nikasikia kila moja likigonga bati.

"Hiyo sina alama yake," akasema.

## Maji yakiondoka

Katika wiki ya tatu niliamua moyoni kwamba uwindaji wote wa ndege wa kinamasi ukome, popote, na nilianza makala hii nikiwa na msimamo huo. Niliandika kurasa nne. Kisha nikazifuta, na nitaeleza kwa nini, ingawa sijatulia bado.

Kwanza niwape waliopotea haki yao. Sululu wa Eskimo, wa Amerika ya Kaskazini, alikuwa akipita makundi kwa makundi. Aliwindwa kwa ajili ya masoko karne ya 19, na nyasi za tambarare alimokula zikalimwa. Wa mwisho aliyethibitishwa alipigwa risasi Barbados mwaka 1963. Sululu mdomo mwembamba, wa Asia na Mediterania, alionekana kwa uhakika mara ya mwisho Merja Zerga, Moroko, Februari 1995, na mwaka 2025 akatangazwa kuwa ametoweka duniani. Bunduki zina sehemu yake katika vifo vyote viwili. Mtu akiniambia hao wanatosha kufunga kila msimu, simbishii.

Lakini sululu wetu wa kinamasi, yule mbuzi wa mbinguni, amenyamaza katika mabonde mengi ya Uingereza na Ulaya ya magharibi ambako babu za watu walimsikia kila masika, na huko aliyemwondoa si mwindaji. Ni mtaro. Malisho yaliyokuwa yakituamisha maji yalichimbiwa mifereji, tope likakauka na kuwa gumu, na mdomo wa sentimita saba hauna kazi kwenye udongo mgumu. Hakuna mlio wa bunduki na hakuna mzoga, ila mwaka unaofuata hakuna kiota. Kati ya mwaka 1970 na 2015 dunia ilipoteza karibu asilimia 35 ya maeneo oevu ya asili, na karibu kipindi chote hicho tulikuwa na mkataba wa kuyalinda, uliotiwa saini Ramsar, Irani, Februari 1971.

Na katika baadhi ya nchi wanaoziba mitaro hiyo ni wawindaji. Tangu mwaka 1934 kila mwindaji wa bata Marekani mwenye umri wa miaka 16 au zaidi hununua stempu maalumu, na fedha zake hununulia vinamasi vya hifadhi. Kuna nchi ambako wawindaji hukata bawa moja la kila ndege waliyempata na kulituma kwa watafiti, maana kwenye manyoya ya bawa mtaalamu husoma kama ndege alikuwa mchanga wa mwaka ule au mkubwa, na kutokana na maelfu ya mabawa hujua kama msimu wa kutaga ulikuwa mwema. Niliposoma hilo nilimfikiria Mzee. Hata hiyo ni namna ya daftari, na ina uaminifu wake.

Ninayebaki naye kichwani ni mtu wa tingatinga. Anachimba mtaro siku tatu, anapokea ujira wake, anaondoka. Hajamwona sululu hata mmoja na hajakosea chochote alichoagizwa. Ningempa daftari, angechora nini? Maduara mangapi, na kwa miaka mingapi mbele? Mzee, ambaye nilikuwa karibu kumhukumu, alisimama saa moja na nusu kwenye tope kwa ajili ya ndege mmoja na akamwandika. Nilizifuta kurasa nne kwa sababu zilikuwa zimemwekea yeye mzigo wote, kwa kuwa ndiye pekee aliyeacha kumbukumbu.

Hilo halimtoi kwenye yale maduara 19. Nilimwambia hivyo. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

## Bawa

Juzi alinipigia simu. Amepata mbwa, jike la miezi mitano, masikio makubwa kuliko kichwa. Bunduki imefungiwa, na ameniambia haitatoka msimu huu. Pengine wala msimu ujao. Itategemea mtoto.

Nilikwenda asubuhi. Mzee alikuwa amehifadhi bawa la sululu la msimu uliopita, akalifunga kwa uzi kwenye kitambaa kilichoviringishwa. Alinipa nilipeleke matetini huku yeye akimshika mbwa na kumgeuza pembeni, asione. Nililificha chini ya ndago zilizolala, mahali ambapo mimi mwenyewe, nikirudi nyuma hatua tano, sikuweza tena kupatambua.

Akamwachia.

Alikimbia kwanza kwa furaha tu, akirusha maji. Alipita kando ya bawa mara mbili. Mara ya tatu akasimama, pua juu, kisha akageuka upande usio wenyewe kabisa. Nilinyoosha mkono nimwonyeshe. Mzee akanishika kifundo cha mkono, akaushusha taratibu.

"Mwache," akanong'ona. "Upepo utageuka."

Tukasimama. Tope lilikuwa likiingia kwenye viatu vyangu. Mtoto alikuwa amefika mbali, kwenye ukingo wa maji, na mkia wake umeanza kwenda taratibu.